Nguo 18 kabla ya baridi ya Njombe

Swali: "Januari mwaka huu nilihamishiwa Njombe nikitokea Tanga. Nafundisha sekondari. Nina cherehani ya kukanyaga aliyoniachia mama, na nimeshajishonea magauni mawili ya kitenge. La kwanza lilinikaa vizuri, lakini nilipolifua likanibana kifuani na kupanda juu. La pili sketi yake inajizungusha, mshono wa ubavuni unakuja mbele nikitembea, na mishono yote imejikunjakunja. Likizo ya Juni nataka nijishonee nguo zote za kipupwe, pamoja na zitakazonifikisha Desemba nikirudi Tanga kusalimia. Nimeorodhesha nguo 18 kutoka kwenye picha za simu yangu. Jirani anasema nitafute vitambaa vizito vyeusi, ndivyo vyenye joto, na fundi wa hapa kanikataza kufua kitambaa kabla ya kushona, eti kinapoteza upya wake. Nianzie wapi? Na kweli itanilipa kuliko mitumba?"

Mwalimu, pole na baridi. Anayetoka Tanga akafikia Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sandukuni mwake hamna cha kumfaa alfajiri ya Julai, kwa hiyo haraka yako naielewa. Ila umeuliza mambo mawili kwa pamoja: nguo mbili za kwanza zimeharibikaje, na sasa ushone zipi. Tuanze na la kwanza, maana ukikata nguo 18 kwa namna ulivyokata hizo mbili, utakuwa na nguo 20 zinazobana na kujizungusha.

Fundi wako ana ukweli nusu. Kitambaa kikifuliwa hupoteza ule ugumu na mng'ao wa dukani. Lakini ugumu huo ni wanga na dawa za kiwandani, na utatoka tu, iwe kabla ya kushona au siku ya kwanza ya kufua gauni. Ukitoka baada ya kushona, unaondoka na vipimo vyako. Pamba inapofumwa, nyuzi zake huwa zimevutwa kwa nguvu kwenye mtambo, na kitambaa huvutwa tena kinapochapwa maua na kukaushwa. Kinafika dukani kikiwa bado kimejinyoosha, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Maji yakiingia, nyuzi zinavimba, zinalegea, na kitambaa kinarudi kwenye urefu wake halisi. Pamba kujivuta kwa asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida kabisa, wala si dalili kwamba umeuziwa feki.

Piga hesabu uone. Tuseme kifua chako ni inchi 38, ukaacha inchi 2 za kupumulia, gauni likawa inchi 40. Asilimia 5 ya 40 ni inchi 2. Nafasi yote imekwenda, na wala hujanenepa.

Kuna jambo jingine nalihisi hapo. Nyuzi za urefu wa kitambaa, yaani mtande, hujivuta kuliko zile za upana, mshindio. Kwa kawaida mtande husimama wima mwilini, kwa hiyo gauni la pamba hupungua zaidi urefu kuliko upana. Lako limepungua kote kote. Huenda ulikilaza kitambaa ubavu ili maua yasimame vizuri, jambo ambalo mafundi hulifanya kila siku kwenye vitenge vyenye michoro mikubwa. Si kosa, ila ukishafanya hivyo mtande unakuzunguka kifua, na gauni likifuliwa litabana palepale pasipotakiwa.

Kwa hiyo loweka kitambaa kabla ya kukikata, tena kwa namna ileile utakayokuwa unafulia nguo yenyewe. Kama utafua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, kiloweke hivyo hivyo. Piga bandi ya haraka, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, kwenye ncha zilizokatwa zisifumuke, suuza, usikisokote kukikamua, anika, kisha kipige pasi kikiwa bado na unyevunyevu. Bitana nayo iloweke. Ukishona sketi iliyolowekwa juu ya bitana ambayo haijaguswa na maji, bitana itajivuta peke yake na kulivuta pindo juu. Flaneli, kile kitambaa cha pamba chenye manyoya laini, hujivuta sana, kwa hiyo unaponunua ongeza robo yadi juu ya hesabu yako. Ukitaka kujua kitambaa kitafanya nini, kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifue, kikaushe, kipime. Kikipungua sentimita moja, hiyo ni asilimia 5.

Sasa hiyo sketi inayojizungusha. Mtande wake haukusimama wima ulipokata. Kitambaa kikikaa kwenye gombo dukani, au kikikunjwa kwa haraka, kinaweza kupinda bila wewe kuona, na wengi hufuata mistari ya maua wakidhani ndiyo iliyonyooka. Maua huchapwa baada ya kitambaa kufumwa, na si lazima yafuate nyuzi. Ukikata kwa kufuata maua yaliyopinda, unapata kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda mshazari kidogo. Kila unapotembea na kila unapofua, nyuzi hizo zinatafuta kusimama wima zenyewe, na zinaondoka na mshono wako.

Dawa yake ni uzi mmoja. Karibu na ncha ya kitambaa, chokoa uzi mmoja wa upana kwa pini, ushike kwa vidole viwili na uuvute taratibu huku mkono wa pili ukiusogeza mkunjo mbele. Kitambaa kitajikusanya kwenye mstari mmoja. Uzi ukikatika, kata kwa mkasi mpaka pale ulipokatikia, chokoa tena, endelea hadi ukingo wa pili. Ukimaliza utaona mstari mwembamba umebaki pale uzi ulipotoka, na huo ndio upana halisi wa kitambaa. Kata kwa kuufuata. Halafu kunja kitambaa katikati, ukingo juu ya ukingo. Kama pembe hazikutani, shikeni watu wawili mkivute kwa mshazari kikiwa na unyevu mpaka zikutane, ndipo upige pasi. Ni dakika chache za usumbufu, lakini sijaona njia ya mkato inayozishinda.

Mishono kujikunja ni suala la cherehani, na cherehani iliyokaa muda mrefu bila kazi ina sababu nyingi za kununa. Anza na sindano. Ibadilishe leo, hata kama hii uliyonayo inaonekana nzima. Kwa kitenge na flaneli chukua namba 14, ambayo kwenye pakiti huandikwa 90/14. Kisha toa kile kikasha cha chuma cha bobini, ning'iniza kikasha kwa uzi wake juu ya kiganja. Kikiporomoka chenyewe hadi chini, uzi wa chini umelegea mno. Ukikitikisa kisisogee kabisa, umekazwa mno. Kinatakiwa kikae, na ukitikisa kidogo kishuke kidogo. Kiskrubu kilicho ubavuni mwake ndicho cha kurekebisha, robo mzunguko kwa mara moja, si zaidi. Uzi wa juu ujaribu kwenye chakavu cha kitambaa kilekile, ukiweka uzi mwekundu juu na mweupe chini. Wekundu ukichungulia chini, juu pamelegea, na weupe ukichungulia juu, juu pamekazwa. Urefu wa mshono uwe kama milimita 2.5. Na unaposhona acha kukivuta kitambaa kwa nyuma. Meno ya cherehani yanakisogeza yenyewe, wewe kazi yako ni kukielekeza. Mafuta uyatie ya cherehani. Ya kupikia yanaganda kama gundi ndani ya chuma, na tatizo hilo nakutana nalo kila mara kwenye mashine zilizoachwa na mama zetu.

Tuje kwa jirani na vitambaa vyake vizito. Joto unalolisikia linatoka mwilini mwako, na kitambaa kazi yake ni kulizuia lisiondoke. Kinachozuia zaidi ni hewa iliyonaswa na kutulia, ndani ya manyoya ya flaneli, ndani ya sufu ya sweta, au kati ya nguo moja na nyingine. Ndiyo maana blauzi, sweta na koti jepesi vinakupa joto kuliko gauni moja zito la gharama ileile. Sharti la pili ni kuzuia upepo, maana upepo unaifukuza hewa hiyo. Hapo kitenge halisi cha pamba, kwa kuwa kimefumwa kwa kubana, kinafaa sana kama nguo ya juu, mradi ndani yake kuna kitu. Rangi nyeusi inakusaidia ukiwa juani. Darasani saa moja na nusu asubuhi, nyeusi na njano ni sawasawa, kwa hiyo vaa njano yako.

Unaponunua, hakikisha kitenge ni pamba kweli, maana vipo vya polista vinavyofanana nacho. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano na uziwashe juu ya sahani yenye maji. Pamba inaungua na kunuka kama karatasi, na majivu yake yanasagika vidoleni. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na kuacha kijidonge kigumu. Polista si haramu, ina faida ya kukauka haraka na inafaa kwa bitana. Ila Desemba ukifika nayo Tanga utajuta, kwa sababu hainywi jasho.

Sasa orodha. Nguo 18 kwa likizo moja ni nyingi mno kwa anayejifunza, lakini idadi ndiyo inayonisumbua kidogo. Tatizo kubwa ni kwamba picha 18 ni violezo 18, yaani vipande 18 tofauti vya kufuatisha unapokata. Kila kiolezo kipya kina shida zake za shingo, mabega na kiuno, na utakuwa unaanza upya kila mara. Ningekuwa mimi, ningetafuta violezo viwili tu: sketi inayopanuka kidogo kuelekea chini, na blauzi ya mikono mirefu yenye vifungo mbele. Vikikukaa vizuri, misimu inabadilishwa na kitambaa. Sketi ileile ukiitia bitana ni ya Julai, ukiiacha bila bitana ni ya Desemba. Blauzi ileile kwa flaneli ni ya Njombe, kwa kitenge chepesi au kanga yenye mikono mifupi ni ya Tanga. Ukiirefusha ukaongeza nafasi unapata koti.

Idadi ipangwe na kamba ya kuanikia. Huko kwenye ukungu na manyunyu, nguo yenye bitana inaweza kukaa siku mbili au tatu haijakauka, wakati blauzi nyepesi inakauka mapema. Kwa hiyo nguo zinazogusa jasho ziwe nyingi na nyepesi, na zile za juu ziwe chache. Wewe una siku tano za kazi, Jumamosi ya sokoni na kufua, na siku ya ibada. Blauzi nne, sketi mbili zenye bitana, koti moja la kitenge lenye bitana, na dera moja la flaneli la kuvaa nyumbani jioni. Najua watu wa pwani wakisikia dera la flaneli watacheka, ila wao hawalali Njombe. Hizo ni nguo nane. Za Desemba zisubiri Oktoba, kwa sababu mkono wako wa Oktoba utakuwa mkono mwingine.

Kwa upande wa kitambaa, kitenge cha yadi 6 chenye upana wa inchi 45 hivi kinatoa sketi na blauzi ya mikono mirefu, kikabaki cha kilemba. Sketi ya urefu wa inchi 30 inataka yadi 2, na bitana yake kama yadi 2 pia. Chagua rangi tatu zinazopatana kabla hujaingia dukani. Blauzi nne zikikubaliana na sketi zote mbili, una sura nane, na hapo wanafunzi hawatajua una sketi ngapi.

Anza na sketi, maana sketi inasamehe. Pima kiuno, pima hipsi pale palipo pana zaidi, na upime ukiwa umevaa kile utakachovaa ndani yake wakati wa baridi, iwe taitsi au soksi ndefu. Watu hujipima wakiwa na nguo nyepesi, halafu wanashangaa zipu haifungi. Ubavuni acha inchi nzima ya nafasi ya mshono ili uweze kuachia baadaye. Bitana iwe fupi kuliko sketi kwa inchi moja, ishikane na sketi kiunoni tu, chini iachwe huru. Ikishonewa chini itavutana na kitambaa cha juu na kufanya mifuko. Kabla ya kupinda pindo, itundike sketi usiku kucha, kisha upime kutoka sakafuni kwenda juu, pande zote.

Blauzi isikatwe kwenye kitambaa kizuri mara ya kwanza. Tafuta marekani (kitambaa cha pamba kisicho na rangi) au shuka kuukuu, kata, unganisha kwa bandi, vaa, inua mikono kana kwamba unaandika juu ya ubao. Ikikukaba kwapani au ikipanda yote tumboni, rekebisha hapohapo, andika kwa kalamu juu ya kitambaa chenyewe, kisha fumua. Vipande hivyo vilivyofumuliwa ndivyo kiolezo chako. Kwa flaneli acha nafasi ya inchi 4 kifuani, na koti lipime juu ya sweta, uliongezee kama inchi 5 hivi.

Kuhusu mitumba, kuna vitu ambavyo hutavishinda, na hakuna aibu. Sweta la sufu, koti zito, jinzi na sidiria: nunua. Koti zito la mitumba lenye bitana nzima ndani ni kazi ya siku nyingi ya mtu mwenye mashine ambazo wewe huna, na ukinunua kubwa unaweza kulipunguza ubavuni. Unakoshinda wewe ni sketi, blauzi na magauni, hasa kama kiuno chako na hipsi zako haziendi saizi moja, kwa sababu za dukani na za mitumba zimekatwa kwa mtu mwingine. Linganisha kwa haki: jumlisha kitambaa, bitana, uzi, zipu na vifungo, halafu ongeza kipande kimoja utakachokiharibu, maana kitakuwepo. Saa zako nazo zina thamani. Kama likizo yako imejaa kusahihisha mitihani, shona sketi mbili na blauzi mbili, nyingine mpe fundi pamoja na kiolezo chako. Atakukatia kwa vipimo vyako, na wewe utalipia ufundi tu.

Magauni yako mawili hayajafa. Lile lililobana lifumue ubavuni kutoka kwapani hadi chini, uingize ukanda wa kitambaa cha rangi moja wa upana wa inchi 2 hadi 3 kila upande. Ukiurudia ukanda huohuo kwenye pindo, urefu unarudi na itaonekana ulipanga tangu mwanzo. Hilo la pili sitakudanganya: kilichokatwa kikiwa kimepinda hakinyooki tena. Kama kitambaa kinatosha, litenganishe kiunoni, tafuta mtande kwa ule uzi mmoja, ukate sketi fupi zaidi. Kama hakitoshi, una vitambaa vya kujaribia mishono.

Yapo ambayo maandishi hayatakusaidia. Sindano ikigonga chuma au ikikatika kila mara hata baada ya kuibadilisha, usianze kufungua skrubu. Mpelekee fundi wa mashine, kwani huenda sindano na ndoano inayonasa uzi wa chini hazikutani tena kwa wakati wake. Mabega na kwapa zikikushinda baada ya kujaribu kwenye shuka, nenda kwa fundi na blauzi yako ya majaribio mwilini, umlipe akubane pini. Ukiona mtu mara moja anavyobana pini begani utaelewa kuliko kurasa kumi zangu. Kwa kumalizia kingo, mafundi wengi wenye ovaloki wanakupigia nguo moja moja kwa malipo madogo. Na ukitaka kujifunza kwa mpangilio, vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi hufundisha ushonaji. Ulizia kilicho karibu nawe kama kina kozi fupi.

La mwisho ni la usalama, na nakuomba usilipuuze kwa sababu ya baridi. Kama unatumia pasi ya mkaa, usipige pasi chumba kikiwa kimefungwa, wala usiweke jiko la mkaa ndani upate joto huku ukishona usiku. Mkaa unaowaka, hata usipotoa moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua. Kichwa kikianza kuuma au ukihisi kizunguzungu, toka nje mara moja na uende kituo cha afya. Fungua dirisha, vaa sweta lako la mitumba, shona mchana palipo na mwanga.

Sketi ya kwanza ikiisha, ivae siku nzima darasani, ifue, ianike, uivae tena, ndipo ukate ya pili.